Kipande cha Saba

Mlima ulikuwa bado kitandani, shuka hadi kichwani,
tuliposhuka Moshi kutoka Kibosho, mimi na Restituta,
pesa ya mashangazi imefungwa kwenye leso
na agizo moja lisilo na mjadala:
sare ya sendofu ya Jeneroza isiwe ya zambarau.
Zambarau walishavaa kwa kina Mallya.

Duka la kwanza, vitenge vimetundikwa hadi darini,
feni, samaki, taa za chemli, macho ya tausi,
na kijana aliyeapa kwamba kila kimoja ni cha mwisho.
Restituta alikifinya kitambaa kwa ukucha,
akakinusa kama anavyonusa maziwa ya jana,
akalowesha kidole, akasugua ukingoni.
"Hiki kitachuja siku ya kwanza kwenye beseni."
Tukatoka.
Duka la pili lilitushinda bei.
Duka la tatu lilikuwa na kiti. Nikakaa. Tukaondoka.

Saa tano tukaingia kwa Kirti,
mtaa ule wenye roshani za chuma
na majina ya babu zao juu ya milango, pamoja na mwaka,
ambako harufu ya bizari hushuka ngazi kabla ya watu.
Mama yake, Bi Manjula, yuko kwenye stuli pale pale
alipokuwa siku niliyoletwa kununuliwa sare ya shule.
Anakijua Kichaga cha kupatana bei,
na Kichaga kingine hana habari nacho.

Akaamuru lishushwe jora moja.
Kijani cha mgomba mchanga,
maua madogo, rangi ya kiini cha yai lililochemshwa.
Hatukusema neno. Mnunuzi mwenye akili hasemi neno.
Lakini Restituta alivua miwani, akaivaa tena,
na Bi Manjula akajua ameshauza.

"Vipande vingapi?"
"Saba," nikasema, kwa sababu tuko saba,
tumekuwa saba tangu utotoni, tukihesabiwa jioni kama kuku,
na mkasi wa Kirti ulikuwa umeshaondoka,
sauti yake ndefu juu ya meza,
yadi sita, yadi sita, rula ya shaba imelika katikati,
ndipo Restituta akanigusa kiwiko.

Sita.
Tangu Kwaresima tuko sita.

Kitambaa kikishakatwa hakirudi kwenye jora.
Kirti aliutazama mkasi kana kwamba ndio wenye kosa.
Bi Manjula hakuuliza. Alipaza sauti kuelekea ghorofani
kwa lugha ya kwao, na msichana akashuka
na bajia za dengu, kachori za moto,
chatine ya ukwaju ndani ya kikombe cha chai,
tukala pale pale juu ya magazeti ya kufungia,
tukalia kidogo. Pilipili ilikuwa nyingi.

Mimi nilidhani shibe itatosha.
Lakini saa nane tulikuwa nyuma ya soko, kwa Mama Laurenti,
bakuli la mtori kila mmoja, na mfupa wa kugombania,
Restituta akidai kwamba Eufrasia angeuchukua
bila hata kugombana,
angesema tu, "Nyie hamjui kunyonya uboho."
Kweli, hatujui. Tuliuacha.

Kwa fundi Mbaruku, barazani, tukafungua mzigo.
Kipande cha juu kina doa la ukwaju,
kubwa kama kitufe cha koti, palepale kifuani.
Tulitazamana.
Sisi wote tulikula kwa adabu. Nani mwingine
amewahi kula bila kujimwagia?

Fundi alipima mimi, akapima Restituta,
vya wengine tulikuwa tumeviandika kwenye karatasi.
"Na hiki cha saba?"
Nikafungua mdomo kusema foronya.
"Kifua arobaini na mbili," akasema Restituta.
"Mikono mirefu haipendi. Na umwachie nafasi kiunoni,
huwa anadanganya."
Mbaruku akaandika, kalamu ikarudi sikioni.
"Atakuja lini kujaribu?"

Restituta alikuwa ameshainama kwenye boksi la nyuzi,
akilinganisha kijani na kijani.